Gari Lililochelewa Kuitika

Anakanyaga mafuta. Gari linaunguruma, linasita, halafu linaruka mbele kama lililoshtuliwa usingizini. Fundi Sikio anafunga breki mwisho wa uwanja wa gereji, anashuka, anafungua boneti, anaifunga, anaifungua tena.

Tangu juzi anahangaika na gari hili moja. Ni la otomatiki, lenye tabo, ile pampu inayosindilia hewa kwenye injini ili ipate nguvu. Amebadilisha chujio la hewa. Amepima oili ya giaboksi, haina neno. Kompyuta nayo haioni kosa.

"Hata chakula hakipiti," anasema huku akilizunguka. "Nikifumba macho naliona hili hili."

Mwenye gari ni mwalimu wa udereva, mama asiye na maneno mengi. Wiki iliyopita alikuwa na mwanafunzi wake, wanaingia barabara kuu.

"Alikanyaga mafuta kama nilivyomfundisha, gari likabaki linawaza," anasimulia. "Na lori hilo linakuja! Lilipoamua kwenda, lori lilishatufikia, likatukosa kwa upana wa kiganja. Yule binti hajarudi darasani mpaka leo."

Jina la Sikio fundi alilipata ujanani. Gari likipita nje, yeye akiwa ndani ya gereji aliutaja ugonjwa wake, na wateja walimfuata kwa hilo. Lakini tangu mwaka jana magari yamekuwa kama yananong'ona. Hakumwambia mtu. Mteja akimuuliza, "Unaisikia hiyo?" alitikisa kichwa kukubali, kisha akabahatisha.

"Fundi Sikio asiyesikia, si kichekesho hicho?" anajiuliza. "Nani ataniletea gari?"

Mkewe anashona viti vya magari katika banda la jirani. Leo amechoka kumwona mumewe akienda na kurudi kama mtu aliyepoteza funguo. Anaweka mkasi chini, anaketi kwenye kiti cha abiria bila kukaribishwa. Wanapandisha mlima ulio nyuma ya gereji, na fundi anakanyaga.

"Baba, hiyo filimbi ni ya nini?"

"Filimbi gani?"

"Hiyo! Fyuuu. Ukikanyaga inaanza, ukiachia inanyamaza."

Fundi anaachia. Anakanyaga tena, shingo ameinyoosha. Mkewe anageuka kumtazama.

"Husikii," anasema taratibu.

"Inatokea upande gani?" fundi anauliza.

"Chini. Huku kwangu."

Wakirudi gereji, anaingia uvunguni na tochi. Bomba la mpira linalopeleka hewa kutoka kwenye tabo amelimulika mara kadhaa, akaliona zima. Safari hii analishika kwa mikono miwili na kulikunja. Chini yake, pasipoonekana, mpasuko unafunguka kama mdomo. Hewa ilikuwa ikivujia hapo kila dereva alipokanyaga, injini ikabaki kuingojea.

Anafunga bomba jipya, anakaza vibano, anavikaza tena.

Alasiri mwalimu analiendesha gari mwenyewe hadi barabara kuu na kurudi. "Linaitika," anasema. Palepale anampigia simu yule binti: "Kesho saa mbili asubuhi. Na usichelewe."

Fundi angeweza kukaa sasa. Badala yake ameshika ufagio, anafagia sakafu aliyokwisha kuifagia.

"Mwaka mzima umenificha, mume wangu," mkewe anamwambia. "Ulidhani nitakukimbia kwa ajili ya sikio?"

"Nilidhani umepunguza kelele."

Wote wawili wanacheka. Kisha mkewe anaacha kucheka, anamnyang'anya ufagio.

Jumatatu fundi atakwenda hospitali kupimwa. Analisema hilo akitazama mlango wa gereji, kana kwamba Jumatatu ingeweza kuingia sasa hivi.

"Kama kuna kifaa, nitavaa. Kama hakuna, nitajifunza kupapasa kwa vidole yale niliyokuwa nikiyasikia," anasema. "Ila kubahatisha gari la mtu, basi. Siku lori likimkuta binti kama yule, nitajibu nini?"

Mkewe ameshaamua kufuatana naye, ingawa fundi anasisitiza kwamba yeye si mtoto wa kushikwa mkono.

"Lazima niende," anasema mama huyo, akirudi kwenye cherehani yake. "Wakimwita jina lake pale kwenye foleni, nani atamwambia?"