Simu Haizimwi

Baba yetu alipofariki Kenya, simu yangu ilikuwa imezimwa. Nilikuwa zamu wodini hapa Toronto, na nyumbani walinipigia mchana kutwa wasinipate. Toka siku hiyo nikaweka sheria: katika familia yetu simu haizimwi, uwe kanisani, uwe kazini, uwe bafuni. Mama alikuwa amebaki kule nyumbani na presha yake, na mimi si mtu wa kurudia kosa.

Mdogo wangu wa kiume alinicheka, lakini alitii. Yeye ndiye aliyeingiwa na wazimu wa theluji. Sisi wengine tunaikwangua kwenye vioo vya gari huku tukiilaani. Yeye na rafiki yake wa chuo walipanda ndege hadi milima ya magharibi, wakwee kwa miguu kusiko na walinzi wa milima, kisha wateleze kushuka kwa skii. Rafiki huyo nilimpenda. Alikuwa Mkanada wa huku huku, akija kwangu mtaa wa Weston anakula chapati nne na kuomba za kubeba.

Kila asubuhi nilisoma mtandaoni taarifa ya hali ya milima. Nikajua mambo ambayo sikuwahi kuyahitaji: kwamba theluji hulala tabaka juu ya tabaka, kwamba chini huweza kubaki punje legelege kama sukari, na theluji mpya ikilemea juu yake, uzito wa mtu mmoja unatosha kuiporomosha yote. Jumamosi hiyo taarifa ilisema hatari ni kubwa. Nikampigia.

"Dada, tumechagua mteremko mpole, usijali. Ila huku wanasema tuzime simu."

"Nani anasema? Mama ana presha, wewe unazima simu? Iweke kifuani uisikie."

"Sawa, Dada. Iko kifuani."

Mchana roho ilikuwa bado haijatulia. Nikapiga, hakupokea. Nikapiga tena na tena, nimekasirika, namwandalia maneno makali.

Yaliyotokea alinisimulia baada ya mazishi, jikoni kwangu, macho yake yakiwa mezani. Mteremko ulikatika juu yao. Yeye theluji ilimtupa pembeni. Rafiki yake ilimfunika. Kila mmoja alivaa kifaa kidogo cha redio, ili aliyenusurika amtafute aliyezikwa. Mdogo wangu alianza kutafuta, kifaa chake kikawa kinamvuta kushoto, kinamrudisha kulia, namba zinarukaruka. Alichimba mahali pasipo na mtu. Simu ikiwa karibu na kifaa hicho hukivuruga. Ndiyo maana watu huambiwa wazime. Yake ilikuwa inatetemeka kifuani. Alipoichomoa na kuitupa, kifaa kilitulia, akampata. Alikuwa amechelewa.

"Ulikuwa wewe unapiga, Dada," alisema. Hakusema kwa ukali. Afadhali angenitukana.

Tangu hapo huizima simu yake siku nzima, na sijathubutu kumkumbusha sheria. Mama alipofariki, mimi ndiye niliyepokea simu kutoka nyumbani, mlio wa kwanza tu. Nilimpigia mdogo wangu mara moja, nikijua haitaita. Kisha nikavaa viatu, nikapanda basi hadi mtaani kwake, Jane and Finch, nikagonga mlango wake.

Alifungua, akaniangalia usoni.

"Ni Mama?"

"Ni Mama."

Simu ilikuwa mezani nyuma yake, imezimwa.