Mdiria wa Mdogo Mtu

Kwa miaka mingi alifundisha jiografia, akichora mito ubaoni kwa chaki. Mwisho akachoka kuichora, akaacha kazi, akanunua kamera aende akaione yenyewe. Watu waliendelea kumwita Mwalimu. Picha zake za ndege na maporomoko zilianza kutoka kwenye jarida la wasafiri, na mumewe akawa analalamika kwamba kochi lake limepokonywa na mikoba ya kamera.

Safari moja alimchukua mdogo wake, fundi cherehani, aliyekuwa ametoka kuugua. Kando ya mto, Mwalimu alilala kifudifudi matopeni asubuhi nzima akimvizia mdiria, yule ndege mdogo anayevua samaki. Mdogo mtu alikaa juu ya jiwe, anatafuna karanga.

"Dada, wadudu hawakuumi?"

"Nyamaza, utamfukuza!"

Mdiria akaibuka na samaki mdomoni, mbele kabisa ya lile jiwe. Mwalimu anageuza lenzi, ndege keshaondoka.

"Mimi nimempata!" mdogo mtu akacheka, simu mkononi, akamtumia ile picha.

Mhariri wa jarida alipotaka picha za mto, Mwalimu alizituma zake na, kwa mzaha tu, akaichomeka na ile ya mdogo wake. Siku ya pili mhariri akapiga simu.

"Mwalimu, safari hii umetisha! Huyu mwenye samaki tunamweka jaladani."

"Asante," ndilo neno pekee lililomtoka Mwalimu.

Kutwa nzima aliikagua ile picha kama anasahihisha mtihani. Mto umekaa upande. Mwanga umezidi. Pembeni kuna kivuli cha kidole! Akamwonyesha mumewe.

"Lakini huyu ndege anatutazama kama tumemfumania," mume akasema. "Mke wangu, wivu wa mke mwenza nimeusikia. Wa mdiria ndio kwanza."

Mwalimu hakucheka. Alichukua mtandio, akaenda kwa mdogo wake. Alimkuta anampima mteja mabega, huku anamsimulia habari za mdiria: "Mpiga picha ni dada yangu. Mimi nilibahatisha tu." Roho ikazidi kumuuma Mwalimu; angalau angejisifu, apate sababu ya kumkasirikia.

"Picha yako imechaguliwa," akasema haraka, kama anayemeza dawa chungu. "Inakaa jaladani."

Mdogo mtu alipiga kelele, akamrukia na pini zake kifuani. "Kwa simu hii yenye kioo kilichopasuka! Dada, ni wewe umenipeleka!"

Palepale, kabla moyo haujageuka, Mwalimu alimpigia mhariri na kumtajia mwenye picha.

Jarida likatoka, jalada likabandikwa juu ya cherehani. Wateja wakamkuta Mwalimu pale, wakamuuliza kwa upole, "Na wewe bado unapigapiga?" Alijibu kwamba bado, huku anatazama sakafu.

"Tunaenda tena lini?" mdogo mtu akauliza walipobaki wawili.

"Mwezi ujao. Ila safari hii gari limejaa, mdogo wangu."

Alikuwa anakwenda peke yake.