Dina wa Iguguno na Shoka Lililochekwa

Saa sita mchana, Iguguno. Jua limesimama utosini na Dina Mkumbo anapiga alizeti. Vichwa vimelundikwa juu ya turubai, naye ana vifaa viwili: fimbo nyembamba ya kuchapa harakaharaka, na gongo zito linalomtoa jasho hasa.

"Vilivyokauka navipiga kwa fimbo, mbegu zinaachia zenyewe," anasema bila kusimama. "Vyenye unyevu vinataka gongo. Ukivichapa kwa fimbo hata mara mia, unajichosha bure."

Usimwone hivyo ukadhani anajua shamba tu. Dina, mwenye umri wa miaka 26, hulipwa shilingi elfu tatu kwa gunia, na katika hizohizo alijibana miezi minane akanunua simu. Humo ndani ni mpiganaji, tena mpiganaji kwelikweli: mmoja wa watano katika timu ya gemu la mtandaoni, ambamo wachezaji huchagua silaha na kupambana na majitu.

Na nusura wamtimue.

Timu ilikuwa imebakiza pambano moja iende mashindano ya taifa Dodoma: kumwangusha kifaru wa mawe kabla dakika sita hazijaisha. Nahodha wao, Noel, fundi simu wa Itigi, akaagiza wote watumie visu. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Visu hupiga mara nne kwa sekunde, kila pigo pointi 50, jumla 200. Shoka hupiga mara moja tu, pointi 180. Nani ahangaike na shoka?

Dina akakataa. Alikuwa ameshamjaribu kifaru huyo peke yake kwenye uwanja wa mazoezi, akagundua ngozi yake inameza pointi 40 katika kila pigo. Kisu kinabaki na kumi. Mara nne, arobaini. Shoka linabaki na 140. Akawaeleza wenzake, wakamcheka. Mmoja akamwambia mambo ya alizeti ayaache shambani. Noel akatoa neno la mwisho: ashike visu, la sivyo nafasi yake inakwenda kwa mtu mwingine baada ya pambano.

"Niliumia," Dina anakiri. "Mwaka mzima nacheza nao, halafu nionekane sijui kitu. Lakini nilichokiona nilikiona."

Jumamosi mchana pambano likaanza. Wanne walishika visu. Dina akashika shoka.

Mama yake, Evodia, alikaa pembeni akichambua mboga. Anasema hakuelewa hata kimoja, ila aliona uso wa mwanawe umekaza, akajua hapo hapana mchezo.

Dakika ya kwanza visu vilirindima kama mvua juu ya bati, na kifaru hana habari. Shoka la Dina ndilo pekee lililokuwa likimyumbisha. Kabla dakika ya pili haijaisha, sauti ya Noel ikasikika simuni, safari hii bila ukali: wote wachukue mashoka.

Kifaru akaanza kupiga magoti. Dakika ya tano ngozi ikapasuka, ikabanduka yote. Wenzake, sasa wamenogewa na mashoka, wakaendelea kuyashusha. Dina ndiye aliyeona kwamba hakuna tena kinachomeza pigo.

"Sasa visu," akawaambia.

Hakuna aliyebisha. Wakabadili, mapigo yakamiminika, na jitu likaanguka zikiwa zimebaki sekunde tisa. Dina alirusha kanga juu, akamkumbatia mama yake pamoja na ungo wa mboga. Furaha ile, anasema, hajapata kuionja maishani.

Jioni ileile Noel alipiga simu. Hakuzunguka. Alimwomba radhi, na wale waliomcheka wakafuata mmojammoja.

Safari ya Dodoma ni mwezi ujao. Dina anataka warudi na ushindi, kisha aanzishe timu ya wasichana hapahapa Iguguno; wanne wameshajiandikisha. Anapoulizwa kuhusu nafasi yake katika timu, anacheka hadi anaegemea gongo.

"Hiyo nani ataigusa?" anasema. "Siku hizi Noel mwenyewe ndiye ananiuliza tushike nini."