Kwa Nini Tunamwita Papa Bahari

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, maji yaliponifanya mjinga mbele ya watu wa ufuko mzima. Mimi! Mtoto wa Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, niliyejua kuogelea kabla sijajua kufunga vifungo vya shati. Ninaukumbuka kila nikisikia nyinyi vijana wa hapa bandarini mukimcheka baba yetu, Papa Bahari. Munasema, mzee gani huyu anaitwa Bahari, na hata mtumbwi wa kwenda Zongwe anaupanda macho amefumba? Haya, chekeni. Lakini wewe unayefunga begi lako kwenda ugenini, kaa kwanza nikueleze jina lile lilitoka wapi, maana nililiona likizaliwa.

Papa Bahari jina lake la nyumbani ni Kisimba, na ni mtu wa Nyunzu, kule reli inakopita katikati ya mihogo na karanga. Tulijuana tukiwa vijana, tulipopata wote wawili masomo ya kulipiwa kule Brezili, yeye kilimo, mimi mashine za meli. Usiniulize tulivyofurahi. Baba yangu alikuwa fundi wa reli, akaitangaza habari ile depo nzima, hata kwa watu ambao hawakuuliza. Shule yetu ilikuwa bara, mbali na bahari. Kwa hiyo likizo kubwa ilipofika tulinunua begi moja la mgongoni, kubwa, la turubai, tukakubaliana kulibeba kwa zamu, tukapanda basi kwenda kuutembea mji wa Salvador ulio pwani.

Ah, mji ule! Una mji wa chini na mji wa juu, na katikati yake lifti ndefu inayopandisha watu kama ndoo kisimani. Barabara zake za mawe zinapanda mpaka magoti yanaomba msamaha. Tulilala katika nyumba ya wasafiri, kitanda juu ya kitanda, na asubuhi tukatoka na begi letu, kanisa baada ya kanisa, soko baada ya soko. Kwenye kona moja Kisimba akasimama ghafla, pua juu.

“Wewe, unasikia? Mawese!”

Kweli yalikuwa mawese. Mama mmoja aliyevaa nguo nyeupe tupu alikuwa akikaanga mikate ya maharagwe kando ya njia. Tulikula mpaka tukaona haya. Tulikuwa vijana, mwanangu, na dunia yote tuliiona ni yetu.

Jambo moja tu la Kisimba lilikuwa likinichosha. Pasipoti zetu na karatasi zetu za shule alizifunga ndani ya plastiki, na plastiki ile ndani ya nyingine, kisha akazungushia ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, namna watu wa Nyunzu wanavyokaza magunia kwenye baiskeli zao. Mpira wenyewe alitoka nao nyumbani. Nilimwambia, “Ndugu yangu, unafunga karatasi ama unafunga mbuzi?” Alikaza tu, akalisukuma furushi lake chini kabisa ya begi. Karatasi zile ndizo zilizokuwa maisha yetu. Bila hizo shule isingetupokea tena, tungerudi nyumbani mikono mitupu, wote wawili.

Basi, siku ya pili tukashuka ufukweni. Nilipoyaona maji, damu ilinichemka. Mchanga ulikuwa mpana, maji yako mbali yametulia, na karibu nayo kulikuwa na jiwe moja zuri. Nikalitua begi pale kwenye jiwe, ili niwe ninaliona nikiogelea. Hiyo njo desturi yetu huku, unajua mwenyewe. Ziwa letu likiacha mchanga mkavu asubuhi, utaukuta mkavu jioni. Hata miaka linapopanda, linapanda polepole, linakupa muda wa kuhamisha kuku.

Kisimba akaangalia huku na huku. “Mbona watu wote wameweka vitu vyao kule juu, kwenye ukuta?”

“Wanaogopa maji.”

“Tuulize kwanza. Kuuliza si ujinga.”

Mwanangu, nilicheka mpaka watu wakageuka. “Wewe mutu wa mihogo! Wa Nyunzu! Utanifundisha mimi maji? Mimi nimezaliwa ndani ya ziwa. Nenda kulala kwenye kivuli, achia wenye maji kazi yao.”

Akaenda kukaa chini ya ukuta, na kwa uchovu wa kutembea akasinzia. Mimi nikajitosa. Niliogelea kwa mgongo, kwa ubavu, nikazama na kuibuka, nikienda mbali kabisa ili wale Wabrezili waone mtu wa Tanganyika anavyoogelea. Maji yalinitia chumvi kinywani na sikujali. Nilikuwa na furaha ya kijinga, ile inayomfanya mtu asitazame nyuma.

Nilipogeuka, ufuko ulikuwa umepungua. Nilifuta macho. Mchanga mpana wa asubuhi umekuwa ukanda mwembamba, jiwe langu halionekani, na mahali pa begi kuna mawimbi.

Nilitoka nikipiga kelele. “Mwizi! Mwizi! Wameiba begi!” Kwa Kireno changu kibovu nilimnyooshea kidole kila mtu. Kisimba aliamka akaja mbio. Ndipo mama mmoja mnene, aliyekuwa ameketi chini ya mwavuli na wajukuu zake, aliponiita kwa sauti ya mtu aliyezoea kuitikiwa. Jina lake tulilijua baadaye, Mama Lurdes.

“Funga kinywa! Usitukane watu. Hapa hakuna mwizi. Begi lako limechukuliwa na bahari.”

“Bahari? Lilikuwa mahali pakavu, Mama!”

Akanitazama kama anayemtazama mgonjwa. “Mwanangu, kwenu bahari haiendi na kurudi?”

Watu wa Mombasa na Dar wana maneno yao, maji kujaa na maji kupwa. Sisi wa ziwa hatuna haja nayo. Siku ile, nikiwa mtu mzima, nilisimama nikitiririka maji, nikielezwa jambo ambalo wajukuu wale wa Mama Lurdes walilijua tangu kutambaa. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Nilikuwa nimeusikia msemo huo mara nyingi, nikidhani unawahusu watu wa bara.

Nilitaka kurudi majini pale pale. Mama Lurdes alinikamata mkono, na mkono wake ulikuwa na nguvu. “Ukienda sasa, mawimbi yatakupigiza kwenye miamba, tutakuzika bila jina. Ulipofika nilikuwa hapa hapa. Kinywa unacho. Ungeniuliza, ningekuambia bure.”

Ee, neno lile liliniingia. Nilikaa chini nikalia, mwanangu, sikufichi. Nilimwona baba yangu pale depo akiulizwa habari zangu. Kibaya zaidi, nilimwona mama yake Kisimba. Maana kijana huyu hakukosea kitu, naye alikuwa anapoteza kila kitu kwa ajili ya mdomo wangu. Nilingoja anitukane. Angenipiga ningeshukuru.

Hakunipiga. Alichuchumaa mbele ya yule mama, kwa adabu, namna wanavyochuchumaa watu wa Nyunzu mbele ya wakubwa. “Mama, kwetu mto ukifurika, vitu unavyobeba vinakwama mahali. Kwenye kona, kwenye mizizi. Huyu bahari wenu, vitu vyake anaviacha wapi?”

Mama Lurdes akacheka kwa raha. “Sasa huyu ana akili!” Akanyoosha mkono kule mawimbi yalikokuwa yakivunjika meupe. Chini ya maji yale kuna miamba, alisema. Begi zito haliendi mbali, litanaswa kwenye mianya yake. Maji yatajaa, kisha yatarudi, na jua likianza kuinama miamba itatoka nje. “Mpaka wakati huo mutakula na mutanyamaza.”

Tukala. Alitupa wali na samaki kutoka chungu chake, nami nikala macho yangu kwenye mawimbi. Subira huvuta heri, lakini nani alisema subira ni tamu? Maji yalipanda mpaka karibu na ukuta, nikadhani mama yule ametudanganya ili tusilie. Habari ilikuwa imeenea ufuko mzima, kwamba kuna Wakongo wawili wanangoja bahari iwarudishie begi. Watu walikuja kututazama. Wengine walitupa pole, wengine walicheka, na waliocheka walikaa nasi.

Kisha maji yakaanza kwenda. Kwanza sikuamini. Jiwe langu la asubuhi likatoa kichwa, halafu mabega. Mchanga ukarudi. Na kule mbali miamba ikaanza kutokea, myeusi, mmoja mmoja, mpaka ikawa kama barabara inayoingia baharini.

Hapo ndipo nilipomwona Kisimba akivua viatu. Kisimba huyu, ambaye hajawahi kuingia maji ya kupita magoti tangu kuzaliwa kwake! Alifanya alama ya msalaba, akapanda mwamba wa kwanza, akaenda. Alitembea juu ya sakafu ya bahari, mwanangu, akichungulia kila shimo na kila dimbwi kama anayetafuta mihogo iliyosahauliwa shambani, nami nyuma yake, na nyuma yangu watoto wote wa ufuko.

“Hii hapa!” alipiga kelele. “Mukanda wa begi! Naona mukanda!”

Begi lilikuwa limenaswa kwenye ufa, lakini kati yetu nalo kulikuwa na mfereji wa maji, wenye kina na wenye kuvuta. Kisimba akanigeukia. “Sasa, mutu wa ziwa. Hii njo kazi yako.”

Hakulisema kwa kejeli. Nilitaka kumkumbatia. Safari hii niliuliza. Nilimgeukia Mama Lurdes, aliyekuwa amejikokota hadi ukingo wa mwamba, sketi mkononi, nikamwuliza maji yale yanavutia upande gani. Akanionyesha. Watu wakafunga mashuka yao ya ufukweni pamoja kuwa kamba, nikaizungusha kiunoni, Kisimba akaishika ncha. Nikaingia.

Nilizama mara ya kwanza, nikakosa. Mara ya pili Kisimba akanielekeza kutoka juu, “Kushoto! Chini ya jiwe lenye pembe!” Vidole vyangu vikashika turubai. Nilivuta, likagoma. Niliweka miguu yote miwili kwenye mwamba nikavuta kwa hasira ya siku nzima, na begi likachomoka! Nilipoibuka nimelishika, mwanangu, ufuko ule ulipiga kelele kama watu wanaposhangilia bao. Kisimba alituvuta, mimi na begi, mpaka tukatua mwambani kama samaki wawili.

Tukalifungua hapo hapo. Mkate wetu ulikuwa uji. Nguo zilikuwa nzito kwa chumvi na mchanga, na ndani ya soksi yangu kulikuwa na kaa aliyekwisha kuhamia. Chini kabisa, furushi la Kisimba. Akafungua ule mpira, mzunguko baada ya mzunguko. Plastiki ya kwanza, maji. Plastiki ya pili, unyevu kidogo. Na pasipoti zetu, na karatasi zetu zote, kavu! Kavu kabisa!

Nilimshika Kisimba nikamwinua juu. Tulilia, tukacheka, tukaimba nyimbo ambazo watu wale hawakuzijua nao wakapiga makofi. Kisha akalitwika begi kichwani, maji ya chumvi yakimchuruzika usoni, akaanza kurudi ufukweni juu ya miamba huku akipiga mlio wa treni ya Nyunzu, “Puuu! Puuu!” Watoto wakashikana mabega nyuma yake wakawa mabehewa. Mtu wa mihogo akatoka baharini na treni yake. Mama Lurdes, aliyeshindwa kulitamka jina la Kisimba, alisimama akampigia saluti. “Apite Bwana Bahari!” akasema. Na mimi jina lile nililibeba mpaka hapa Kalemie, nikalitangaza kama baba yangu alivyotangaza safari yetu; uzee ulipomfikia, Bwana likageuka Papa.

Tulimaliza masomo, wote wawili. Mimi nikarudi kutengeneza mashine za boti hapa bandarini. Yeye akaenda kulima kwao, mpaka vita vilipowafukuza watu Nyunzu, akaja hapa na mke, watoto, na begi. Siku ile ile ya kufika, kabla hajatua mzigo, alikwenda kuuliza wenyeji. Udongo upi unazaa? Nani mwenye ardhi? Kijito kipi kinafurika? Wakimbizi wenzake waliofika wakijua kila kitu walipanda bondeni, maji yakawabebea mbegu. Leo mboga unayokula nyumbani kwako inatoka shambani kwa Papa Bahari. Mcheke sasa, kama unaweza.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Unakokwenda, chukua unachokijua na usikionee haya. Mimi kuogelea kwangu kulitufaa, kila jambo na wakati wake. Lakini usitue mzigo wako chini kabla ya kumwuliza mwenyeji, hata kama mahali penyewe panafanana na kwenu. Hasa kama panafanana na kwenu. Na ukiwa na mwenzako anayekuambia “tuulize kwanza,” usimcheke. Mshike sana, huyo njo ndugu. Kiburi chako kikishakufikisha pabaya, usikimbilie kurudi majini kwa hasira. Kaa, uliza, ngoja maji yarudi.

Sasa lete mkono wako. Huu ni mpira wa baiskeli, umechakaa umekuwa mwembamba, lakini ni ule ule. Papa Bahari amekutumia. Amesema funga nao karatasi zako, na ukirudi umrudishie, kwa sababu ana mjukuu naye atakwenda.

Nenda, mwanangu. Mungu wa baba zako akutangulie njiani. Wenyeji wakupokee na wakuambie ukweli. Maji utakayoyakuta yakupe njia, na yakikuchukulia kitu, yakurudishie kikiwa kikavu. Sisi wazee wawili tutakuwa hapa bandarini tukingoja kusikia “Puuu!” yako.