Jinsi Inyange Ilivyouzwa

Hadi leo, nikipita Mwanga, hapa Kigoma mjini, na kuwakuta mafundi samani wanapaka vanishi vitanda na makabati, huwa navuka barabara. Si kwamba harufu yake ni mbaya. Nilipokuwa mdogo niliipenda kuliko harufu ya maandazi ya moto. Navuka kwa sababu vanishi iliyochanganyika na tapentaini ikinifika puani, hasira hunipanda, na mtu mzima, mwalimu wa darasa la tatu, hawezi kusimama kando ya barabara amekunja ngumi bila watu kuuliza kulikoni. Wale mafundi hawana kosa lolote. Ninyi mnaonisoma nitawaeleza mwenye kosa ni nani.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa hesabu Rumonge, upande wa Burundi, na alikuwa na mashua. Nikisema mashua msifikirie mitumbwi ya dagaa. Ilikuwa mashua ya starehe, ya matanga, mbao za mvule tupu, iliyoundwa na Wazungu kabla Baba hajazaliwa. Mgiriki mmoja mwenye duka alimwachia alipofunga biashara na kurudi kwao, kama shukrani ya kuwafundisha watoto wake. Ubavu wake ulikuwa mweupe, sitaha yake rangi ya asali, na mbele iliandikwa jina lake, Inyange. Ndiye yule ndege mweupe ambaye kwa Kiswahili tunamwita yangeyange.

Kila kiangazi Baba aliivuta nchi kavu, akaipiga msasa, akaziba nyufa, akaipaka vanishi, akasubiri ikauke, akapaka tena. Vyuma vya shaba alivisugua kwa majivu na ndimu mpaka unaona meno yako humo. Mama alikuwa na msemo wake. Wageni wakija kumuulizia Baba, aliwajibu, "Mwalimu hayupo, yuko kwa mke mwenzangu anampaka mafuta." Alisema akicheka, lakini viti vya sebuleni kwetu vilikuwa vimelegea miguu, na havikuwahi kuonja vanishi hata tone.

Vita vilipofika Rumonge, mke mwenza ndiye aliyetuokoa. Watu walikimbilia ufukweni asubuhi, kila mtu na alichoweza kubeba, na boti zenye injini zilikuwa zimeshaondoka. Baba alimpandisha Mama, mimi na wadogo zangu wawili, na Nyogokuru, yaani bibi yetu mzaa baba, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba hata kusimama hawezi. Kisha akapandisha majirani mpaka maji yakakaribia kumwagika ndani. Wanawake walilala juu ya ile sitaha ya asali na matope yao na damu zao. Mimi, mtoto mjinga, nilimtazama Baba kama atakasirika. Hakutazama hata chini. Alikuwa anatazama tanga.

Tulishuka kusini tukiambaa na pwani. Majirani waliteremka mpakani, ambako wakimbizi walikuwa wanaandikishwa. Sisi hatukuteremka. Baba alikuwa amesikia kwamba Kigoma kuna hospitali kubwa, na Nyogokuru alikuwa anapumua kwa shida, basi akaendelea moja kwa moja hadi Bangwe, ufukweni mwa Kigoma. Huko hatukuandikwa na mtu yeyote. Likumbukeni jambo hilo, kwa sababu mimi sikulitia maanani.

Aliyetupokea Bangwe ni Bi Mwamini, mama mmoja aliyekuwa akinunua samaki ufukwe wa Katonga na kuwauza mitaani. Hakutuuliza dini wala kabila. Alimtazama Nyogokuru aliyebebwa mgongoni kama mtoto, akamwambia Mama, "Mdogo wangu, mlaze ndani, maneno baadaye." Tulikaa kwake, chumba kimoja, tukila dagaa na ugali wa muhogo. Nyogokuru alipelekwa hospitali, akapata dawa, uvimbe ukaanza kupungua. Alianza hata kumtania Bi Mwamini kwa Kirundi, na Bi Mwamini akamjibu kwa Kiha, wakaelewana vizuri kuliko sisi tuliokuwa tunajifunza Kiswahili.

Kisha likapita tangazo la kipaza sauti: wakimbizi wote walioko mjini wajitokeze, malori yatawapeleka kambini. Kambi ilikuwa mbali bara, njia mbovu, na huko hakukuwa na hospitali bado, ni mahema tu. Muuguzi alimwambia Baba waziwazi kwamba Nyogokuru hatahimili safari hiyo.

Siku hiyo hiyo Baba alichukua kipande cha mbao, akaandika INAUZWA kwa mkaa, akakitundika kwenye mlingoti wa Inyange.

Walikuja wengi kuitazama. Waligonga mbao kwa vifundo vya vidole, wakapapasa shaba, wakatikisa vichwa kwa kustaajabu. Halafu wakataja walichotaka kutoa, na hata mimi mtoto nilijua ni matusi. Mmoja alitaka kubadilishana na baiskeli. Hawakuona haya. Walijua malori yanakuja, na mtu anayengoja lori hana nguvu ya kukataa. Walikuwa wapole, walimwita Baba "Mwalimu", walitupa pole, na wakati wote huo walikuwa wanahesabu siku zetu.

Mpole kuliko wote alikuwa mtu tuliyemwita Bwana Mashine, kwa sababu alikuwa na mashine ya kusaga nafaka Ujiji. Alikuwa mnene, kanzu safi, sauti ya chini. Alivua viatu kabla ya kupanda Inyange, na Baba akampenda papo hapo kwa kitendo kile. Alikaa sitahani, akanusa vanishi, akasema, "Mwalimu, fedha nikikupa utanyang'anywa njiani. Mimi nina nyumba kubwa na ninajuana na watu. Mama yako atakaa kwangu Ujiji, apate chumba chake, apelekwe hospitali, mpaka mtakaporudi kumchukua. Wewe niachie hii mashua."

Baba alilia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akilia, maana hata Rumonge hakulia. Walipeana mikono mbele ya Bi Mwamini.

"Lakini uniandalie vizuri," Bwana Mashine akaongeza akivaa viatu. "Naona imechubuka sana."

Ilichubuka, ndiyo. Ilichubuliwa na watu waliokuwa wanakimbia kuuawa. Na Baba yangu, badala ya kumwambia hivyo, aliazima msasa, akatafuta vanishi kwa mafundi wa mjini, akaanza kazi. Alifanya toka jua likichomoza hadi magharibi, akipiga mluzi. Ule mluzi ndio ulionitia wazimu! Nilikaa chini ya kivuli cha ubavu wa mashua nikimchukia yule mtu mnene, nikimchukia na Baba anayempambia. Niliuliza kwa nini tusimpe ilivyo. Baba akasema, "Mwana wanje, mwanangu, huyu anakwenda kumtunza mama yangu." Akaendelea kupaka. Alipomaliza iling'aa kuliko nilivyowahi kuiona. Bwana Mashine akatuma kijana wake aje kuilinda, na tangu hapo hatukuruhusiwa kuigusa.

Asubuhi ya malori, tulimkodia Nyogokuru mkokoteni, tukamvika khanga mpya aliyopewa na Bi Mwamini, tukaenda naye Ujiji. Alifurahi. Njiani alikuwa anauliza kama huko kuna mtu anayejua Kirundi. Tulibisha hodi. Bwana Mashine alitoka mwenyewe, akaurudisha mlango nyuma yake, akasimama kizingitini.

"Shikamoo mzee," Baba akasema, ingawa hawakupishana sana umri. "Tumemleta."

Bwana Mashine alimtazama Nyogokuru kama unavyotazama gunia la mahindi lenye fukusi. "Mwalimu, mambo yamekaza," akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Mkimbizi haruhusiwi kulala mjini. Nikimpokea nitafungwa. Samahani sana."

"Na mashua?" Mama akauliza.

"Mashua ni mauziano mengine, mama. Yale yalikwisha."

Baba alifungua mdomo. Nilingoja. Nilikuwa nimemwona mtu huyu akiwanyamazisha wanafunzi wakubwa kwa neno moja, nikasema sasa, sasa atamwonyesha. Bwana Mashine akamwekea mkono begani, akasema kwa upole, "Mwalimu, mimi ni rafiki yako. Sijamwambia mtu yeyote mliteremka wapi."

Na Baba akasema, "Asante, mzee."

Asante! Alisema asante, akageuza mkokoteni. Nilitaka kumtemea mate, na sijui nilitaka kumtemea nani kati yao wawili. Nyogokuru, ambaye hakuelewa Kiswahili, aliuliza mbona tunarudi, au chumba bado hakijafagiliwa.

Mama hakurudi nasi taratibu. Alitangulia mbio mpaka Bangwe, nami nikimfuata mbio, na ndipo nilipoona jambo ambalo nitalisimulia kwa wajukuu. Aliingia majini na nguo zake, akapanda Inyange, akafungua sanduku la matanga, akaanza kuyavuta nje. Yule kijana mlinzi akapiga kelele.

"Mama, hivyo ni vitu vya bosi!"

"Bosi wako amenunua mbao," Mama akasema. "Nenda kamwambie matanga nimeyachukua mimi, mke wa mwalimu. Na jina langu ukitaka nitakutajia."

Kijana alimshika mkono. Bi Mwamini, aliyekuwa ametuona tukipita, alikuja na ungo wake wa samaki akamwuliza kama mama yake anajua kwamba siku hizi anapigana na wanawake. Akamwachia. Tuliyabeba yale matanga watatu, mazito, yamelowa, hadi kwenye uwanja wa malori, na Mama akayakunja mara nyingi yakawa godoro. Akamlaza Nyogokuru juu yake, ndani ya lori, akaketi pembeni. Wanawake wengine waliokuwa humo, hata wasiotujua, wakaketi kulizunguka.

Bwana Mashine alifika akitweta, na kanzu yake kwa mara ya kwanza ilikuwa na vumbi. "Shusheni hayo! Ni mali yangu!"

Ofisa kijana aliyekuwa akisimamia upakiaji akamwuliza, "Mali gani, mzee?"

"Matanga ya mashua yangu."

"Mashua uliipata wapi?"

Bwana Mashine akatazama pembeni. Ilimbidi aeleze mbele za watu alimpa nini mwalimu mkimbizi kwa mashua nzima ya mvule, na hakuwa amempa chochote.

"Mama, hicho ni nini?" ofisa akamwuliza Mama.

"Kitanda cha mgonjwa," Mama akasema.

Ofisa akafunga mlango wa nyuma wa lori. Wanawake walipiga vigelegele mpaka tukatoka mjini. Mimi pia nilipiga, lakini nilimpa Baba mgongo safari nzima.

Nyogokuru alifika kambini akiwa hai. Alifariki mvua zilipoanza, katika hema lililojaa matope, akiomba tumrudishe kwa Bi Mwamini. Watu wengi walikufa msimu ule na hakuna aliyeshangaa. Mimi nilishangaa, na bado nashangaa. Ujiji kulikuwa na chumba kikavu, hospitali karibu, na mtu aliyeahidi.

Miaka ikapita. Nilisoma kambini, nikawa mwalimu, nikaolewa kijiji cha Simbo na mtu wa hapo. Inyange niliiona tena mara moja, Katonga. Bwana Mashine hakupata matanga mengine yanayoifaa, basi alikata mlingoti, akafunga injini ya kubebea magunia, na mbao zikaachana kwa mtikisiko. Lilikuwa limebaki gofu, rangi imebambuka, wanawake wameanika dagaa juu yake. Nilifurahi kuona imemfia, halafu nikaona aibu kwa furaha ile, halafu nikakasirika upya kwa kuona aibu kwa kitu ambacho si kosa langu.

Baba alikuja Simbo kunitembelea nilipojifungua mtoto wa kwanza. Alikuwa amezeeka. Nilikuwa nimekaa na swali langu tangu utotoni, nikamwuliza: kwa nini ulimwambia asante?

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Kumbe hukusikia alichoniambia?"

"Alisema ni rafiki yako. Kwamba hajamwambia mtu."

"Ndiyo," Baba akasema. "Alikuwa ananiambia kwamba akitaka, anakwenda kuwaambia wakubwa. Tulikuwa hatujaandikwa, tulipita mpaka bila ruhusa. Wengine walikuwa wanarudishwa kwa hilo. Kurudishwa kule kule."

Akampakata mtoto wangu, akamweka vizuri kichwa.

"Maneno nilikuwa nayo," akasema. "Nilikuwa nayo mengi kuliko mama yako. Lakini mlikuwa mmesimama pale wote."

Watu wema huniambia Bwana Mashine ameshafariki, nimsamehe, nivuke. Nimewasikia. Lakini alitishia kuturudisha tukauawe, na alitishia kwa sauti ya chini, mkono begani, na kwa miaka yote hiyo mimi niliusikia kama upole, nikampa Baba yangu hasira ambayo ilikuwa ya mtu mwingine. Sasa imefika kwa mwenyewe, na hapo ndipo itakapokaa.