Rangi ya Boti Kwenye Breki

Najua mmeshaiona ile video, maana hapa Ngamiani aibu ya mtu haivuki mtaa wa pili bila kuongezwa chumvi, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe mkiwa mmekaa hapo kwenye benchi mnasubiri zamu zenu, na anayetaka kucheka acheke, ila akumbuke kichwa chake kitakuja mikononi mwangu na wembe ninao mimi. Ndiyo, ni kweli. Ni mimi niliyeteremka mlima wa Amani na mama mkwe kwenye gari lisilo na breki, na breki hizo nilizimaliza mwenyewe, nyumbani kwangu, kwa brashi.

Gari langu mnalijua. Kwa chumvi ya bahari hii yetu hakuna chuma kinachosalimika, na kwa kuwa napenda makuu nilishalifunga rimu za spoti zenye matundu makubwa, kila apitaye aliziona breki zilivyoliwa na kutu hadi zinatoa maganda. Sasa mke wangu, Mwanaidi, akajifungua, mtoto wetu wa kwanza, na desturi mnaijua, mzazi hukaa na mama yake mpaka arobaini itimie, amkande, ampikie uji wa pilipili manga, amfundishe kumshika mtoto. Mwanaidi alikuwa hoi. Maziwa hayatoki vizuri, mtoto analia, yeye analia, na kila nikiingia chumbani swali ni hilo hilo, mama anakuja lini. Nikamwambia Jumamosi namfuata mwenyewe, mpaka mlangoni kwake Amani, na nitamleta salama.

Hapo ndipo shetani akaninong'oneza (kwangu mimi hana kazi ngumu, ananigusa tu), eti utaendaje kwa wakwe na kutu zile?

Nikapiga jeki uani, nikafungua magurudumu yote, nikaiegesha simu kwenye ndoo nifuate video. Kusugua nilisugua kweli, siwadanganyi, brashi ya waya, msasa, siki, mpaka vidole vikachubuka. Yule bwana wa kwenye video alipofika kwenye kupaka rangi akasema hapa sasa uwe makini, na bando likakata. Ningeweza kununua jingine, si jambo kubwa, lakini nikajiambia kupaka rangi kuna nini cha kufundishwa, mimi si ndiye niliyepaka ukuta huu mnaouegemea? Na rangi nilikuwa nayo, nyekundu, nusu kopo, rangi ya boti aliyoniachia mteja mmoja. Nikawaza, kitu kinachovumilia maji ya chumvi mwaka mzima, kutu ya breki kitaiogopea nini? Nikapaka ile mikono ya chuma inayobana, nikaipenda, nikapaka na diski. Diski nzima, jamani, pamoja na ule uso ambao pedi zinaubana ili gari lisimame. Halafu nikarudia mara ya pili kwa raha zangu.

Nilipozunguka Raskazone kujaribu, breki zilishika kwa kusitasita, kama mtu aliyeamshwa usingizini, nikasema bado zinazoea. Na safari ya Amani ni ya kupanda, breki unazigusa mara chache, kwa hiyo nilifika na kiburi changu chote. Wakwe wakanipokea, nikatoa shikamoo zangu, mama mkwe akapanda nyuma na kapu lake la iliki, mdalasini na ndizi, kajifunika khanga vizuri, tukaondoka.

Ngoja niwaambie kitu kuhusu mama huyu. Si mkali hata kidogo. Lakini tangu nimuoe binti yake nilikuwa sijawahi kumtazama usoni, maana mkwe ni mkwe, ukikutana naye unampisha njia, chakula unakulia upande mwingine, na maneno yenu ni salamu na "ndiyo, Mama" basi.

Kona ya kwanza, sawa. Ya pili nikasikia harufu. Ya tatu harufu ikawa moshi, nami nimekanyaga breki mpaka chini, na gari linaendelea na safari zake kana kwamba halijaambiwa kitu. (Kumbe rangi ile ikipata joto inalainika, inakuwa utomvu, pedi zinateleza juu yake. Hayo niliambiwa baadaye.) Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo, na huko chini naona vilele vya miti tu.

Mama akauliza kwa upole, "Mkwe, kuna kinachoungua?"

Nafasi nilikuwa nayo. Pale mbele palikuwa na kamwinuko, gari likapunguza mwendo lenyewe hadi mwendo wa mtu anayetembea, ningesema tu Mama, breki zina kasoro, shuka, na yangeishia hapo. Ulimi ukakataa. Nimwambie mkwe nini, kwamba nimemfuata na gari nililolipaka rangi ya boti? Nikasema, "Wanachoma mkaa, Mama." Gari likamaliza kamwinuko kale, likaanza kuteremka tena.

Nikaingiza namba moja, injini ikapiga yowe. Nikavuta hendibreki ikaja yote bila kushika kitu (na nyuma si nilipaka pia). Mikono imelowa jasho mpaka usukani unaniteleza, na nyuma nasikia mama anasoma Ayatul Kursi, kwanza kimoyomoyo, halafu kwa sauti. Mbele nikaona paa za kijiji na watu barabarani, nikafanya lililobaki, nikaibana honi bila kuiachia.

Sasa hebu fikirini: Jumamosi, gari limeoshwa linang'aa, wekundu unawaka kwenye magurudumu, honi haikatiki, nyuma kuna mwanamke kajitanda khanga. Mngekuwa ninyi mngesema ni nini? Wanawake wa kijiji kile walitoka na vigelegele. Wengine na nyungo mikononi, wengine na watoto mgongoni, wakafunga njia wakicheza, maana msafara wa harusi haupiti bure, lazima usimamishwe utoe chochote. Mimi nimetoa kichwa dirishani nawapigia kelele watoke, wao wanaona bwana harusi ana furaha, wanazidisha. Nikajua leo naua. Kando ya njia palikuwa na mtaro na shamba la migomba, nikakata usukani, gari likaruka mtaro, likaangusha mgomba wa kwanza, likaangusha wa pili, kwenye wa tatu likasimama.

Halafu mtoto mmoja mgongoni mwa mamaye akaanza kulia, na sijawahi kufurahi hivyo kusikia mtoto analia.

Nikageuka, nikamtazama mama mkwe usoni, naye akanitazama. Mzima, alhamdulillah, ila iliki zimemwagika mapajani. Wale wanawake wakaja mbio, mmoja na ungo wake bado mkononi akachungulia akiuliza bibi harusi kaumia wapi, akamkuta mama mtu mzima anaokota iliki. Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini, na mmoja akatoa simu, ndiyo hiyo video mliyoiona.

Mama hakucheka. Alishuka, akaikaza khanga kiunoni, akasema, "Ulijua?"

"Nilijua, Mama. Tangu kona ya tatu."

"Ungesema ningeshuka. Miguu ninayo."

Akaanza kuteremka kwa miguu, nami nyuma yake, kapu kichwani, mpaka tulipopata gari la kutufikisha Muheza, na pale tukapanda la Tanga.

Nyumbani Mwanaidi alikuwa mlangoni, mtoto begani, akauliza mbona tumechelewa hivi. Nikamtazama mama nikitumaini ataniokoa. Akasema, "Mumeo atakueleza," akampokea mtoto. Basi nikaeleza yote, bando, rangi, uongo wa mkaa, mbele ya mkwe wangu, na wallahi nilitamani nirudishwe kule mlimani. Mwanaidi hakunigombeza. Alimshika mama yake mabega, akamshika mikono, akampapasa mpaka kichwani kama anatafuta palipovunjika, alipoona hapana ndipo akalia.

"Ninaye huyu mmoja tu," akaniambia. "Na wewe ukamwonea haya."

Breki zangu sasa zina kutu tena na fundi peke yake ndiye anayezigusa, lakini nikibeba mtu, awe mkwe, awe sheikh, nikisikia harufu hata ya maandazi ya watu nasimamisha gari namwambia shuka. Wengi hunicheka. Wananicheka wakiwa wamesimama kando ya barabara, wazima, na mimi sitaki zaidi ya hapo.