Theluji Niliyosingiziwa

Mwezi wa Aprili watu wa Stockholm hupagawa. Jua likitokeza siku mbili tu, makoti mazito yanafungiwa stoo, na watu wanakaa nje ya mikahawa wakitetemeka kwa furaha. Ni katika hali hiyo ya akili timamu ndipo dada wa mke wangu, mama wa Kikongo mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alipoamua kumfanyia binti yake sherehe ya kuagwa kabla ya harusi, tena nje, kwenye majani nyuma ya nyumba yao kule Jordbro.

Kwa bahati mbaya, mimi nilikuwa nimejifunza kusoma ramani za hali ya hewa kwenye simu. Ni ugonjwa unaowapata wanaume wa umri wangu wasiopenda mpira. Jumatano niliona mgandamizo mdogo wa hewa ukijikusanya juu ya bahari ya Baltiki, mistari yake imebanana kama nywele zilizosukwa, na hewa baridi inashuka kutoka Finland. Ramani moja iliipeleka theluji kisiwani Gotland. Nyingine iliileta kwetu, Jumamosi mchana. Kila zilipotolewa mpya, ile ya kwanza ilizidi kukubaliana na ya pili. Nikampigia shemeji simu.

"Shemeji, Jumamosi theluji itaanguka, tena nyingi. Hamishia sherehe ndani."

"Mais, shemeji! Lakini jua lote hili? Siku hizi umekuwa nabii?"

"Si mimi, ni ramani."

"Basi iambie ramani yako imealikwa, ila ije na mwavuli."

Mke wangu alinisihi ninyamaze. "Ukiendelea, watasema una uchuro."

Nikanyamaza, kama shemeji mwema. Jumamosi asubuhi shemeji alinitumia picha ya anga la buluu, bila neno.

Tulipoanza kupakua chakula, upepo uligeuka ukatoka baharini. Ikaja mvua, kisha theluji nzito, mapande kama manyoya ya kuku. Turubai lililofungwa juu ya meza likabonyea. Mama wakubwa walikimbia na sufuria za sombe ya majani ya muhogo, vitenge vimelowa, miguuni ndala. Mchungaji alifumba macho akaikemea theluji, nayo, kwa heshima zote, ikaongezeka.

Tukabanana sebuleni. Bibi harusi mtarajiwa alicheza jikoni kati ya friji na meza, akicheka hadi machozi. Mama yake alinikazia macho.

"Umefurahi sasa?"

"Shemeji, si nilikuonya?"

"Hukunionya. Uliiita!"

Wazee wakaafiki kwamba kinywa changu si kizuri. Binti peke yake ndiye aliyeniletea sahani ya mishikaki, akaninong'oneza, "Asante kwa kujaribu, baba mdogo." Nilikula nikiwa nimefarijika kuliko nilivyotaka kuonyesha.

Harusi ilikuwa Juni. Wiki moja kabla, simu ililia.

"Shemeji, sema jua."

"Ngoja nitazame ramani."

"Sijaulizia ramani. Nimesema, sema jua."

Nikasema jua. Mvua ilinyesha kutoka kanisani hadi ukumbini, na familia nzima ikakubaliana kwamba nilisema bila imani.